Mwalimu Vénérand na Somo la Saa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto uje ukae. Leo tunamkumbuka mtu wa hapa hapa kwetu Sydney, mtaa wa Macquarie Fields. Mzee Vénérand, baba yake Kasoki, babu yake Divine. Ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na minne. Wengi wenu mlimjua kama yule mzee mrefu wa koti la kahawia, anayepanga maboksi ghalani Wetherill Park. Hamkukosea. Lakini kabla ya maboksi alikuwa mwalimu. Mwalimu wa Kilatini.

Naona kuna anayecheka. Kilatini! Hata mimi Kawira nilicheka siku niliyoambiwa, na leo naona haya.

Vénérand aliingia seminari ndogo karibu na Butembo, kule Kongo, akiwa na miaka kumi na miwili. Mapadri walifundisha Kilatini kwa njia moja tu: kukariri. Unakariri kitabu kizima, jalada hadi jalada, na maana yake pembeni. Upadri ulimshinda, maana alipenda msichana, lakini Kilatini kilibaki. Akakifundisha miaka ishirini na miwili. Kisha vita. Kisha kambi Uganda, miaka tisa. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Alipofika Sydney mwaka 2011, ofisi ya kazi ilimuuliza anajua kufanya nini. Akasema ukweli. Wakaandika kwamba hana ujuzi.

"Siku ile baba aliikala ku ngazi, hakuvua hata viatu," anakumbuka Kasoki. "Akaniambia, Kasoki, huku mi niko mutu ya bule."

Mtu wa bure. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili, wasikilizaji, anajiita mtu wa bure.

Basi ikafika 2014. Divine, mjukuu wake, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifaulu mtihani akachukuliwa na shule moja nzuri ya serikali, darasa la saba. Wiki ya pili akarudi na kitabu kipya, akakitupa juu ya meza ya jikoni. Mzee alikuwa anamenya viazi. Akakitazama kile kitabu. Akaacha kisu. Akanawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa.

Kilikuwa kitabu cha Kilatini cha wanaoanza.

Tangu siku hiyo, kila siku saa kumi jioni, mzee akitoka kazini na mtoto akitoka shule, jiko la Kasoki likawa darasa. Na darasa lilianza kwa desturi ya seminari. Mzee anaita jina kwa Kilatini: "Divina!" Mwanafunzi anasimama wima, mikono ubavuni, anajibu: "Adsum." Maana yake, nipo. Mzee anasema: "Sede." Keti. Hapo ndipo somo linaanza. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, na bado aliita mahudhurio.

Divine alikuwa akicheka. "Koko, it's just me!" Yaani, babu, ni mimi peke yangu humu.

"Nakuona," mzee anajibu. "Lakini kuonekana si kujibu. Simama."

Kasoki anasema hajawahi kumwona baba yake vile tangu Butembo. Alinyoa ndevu kila siku. Aliimba akiosha vyombo. Wenzake ghalani walishangaa mzee amepata nini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mzee alimfundisha Divine kama alivyofundishwa yeye. Darasani walikuwa ukurasa wa kumi na tano. Jikoni, Divine alikuwa amekariri kitabu chote. Mwisho wa muhula mwalimu alileta mtihani: hadithi fupi kutoka kurasa za mbele ambazo darasa halijafika. Divine akaitambua. Akaandika maana yake yote bila kuinua kichwa. Hadithi ikaisha kwenye karatasi. Yeye hakuisha. Akaandika mistari mitatu zaidi, ile inayofuata kitabuni, ambayo haikuwa kwenye mtihani kabisa.

Mtoto wa watu alidhani atasifiwa.

Shule ikaona vingine. Huyu ameuona mtihani kabla. Ikaja barua ya kurasa mbili, Kiingereza kizito. Kasoki alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee. Mzee akaipokea yeye. Chini palikuwa na mstari wa sahihi. Na mnajua sisi tuliopitia ofisi za wageni na za wakimbizi tumezoea nini. Karatasi ya ofisi unasaini haraka, kabla hawajabadili mawazo, kabla jina lako halijaondolewa kwenye orodha. Vénérand alisaini karatasi miaka tisa kambini, na hakuna hata moja aliyosomewa. Akasaini na hii. Kwa mwandiko ule mzuri wa seminari. Akaifunga kwenye bahasha, akampa Divine airudishe.

Barua ilisema mlezi anakubali kwamba mtoto alipewa majibu, na kwamba ataondolewa kwenye darasa la Kilatini.

Jumatatu Divine alirudi bila kitabu. Saa kumi mzee akaita, "Divina!" Mtoto hakusimama.

"You signed it, Koko," akasema. "You told them I cheated."

Umesaini, babu. Umewaambia niliiba mtihani. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mzee aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake, akapanda treni hadi shuleni. Alipofika mapokezi, Kiingereza kikamkimbia chote. Wakamtolea ile barua. Hii sahihi ni yako, bwana? Akasema ndiyo. Utasema nini zaidi ya hapo? Kasoki naye alipopiga simu, aliambiwa vilevile: sahihi ipo. Alirudi mara ya pili. Mara ya tatu wakamwambia, kwa upole kabisa, aandike barua pepe. Hakujua kuandika barua pepe. Akaandika barua ya mkono kwa mwalimu wa Kilatini, kurasa nne, yote Kilatini, akaeleza kila kitu. Akaipeleka posta mwenyewe. Alingoja majibu. Aliangalia sanduku la barua kila jioni, hata Jumapili, siku ambayo posta haiji. Hakuna jibu lililokuja, na hadi leo hatujui kama kuna mtu aliisoma.

Divine akawekwa darasa jingine. Hakumkosea babu yake heshima. Alimwandalia chai, alimsalimu. Ila Kilatini hakukitaja tena. Miaka mitatu, wasikilizaji. Na miaka yote hiyo mitatu, ikifika saa kumi, mzee alikaa mezani, kiti cha pili mbele yake kitupu.

Mwezi huu wa Agosti kiharusi kilimwangusha palepale ghalani. Hospitalini alifumbua macho, lakini maneno yalikuwa yamekwenda. Kiswahili kimekwenda. Kinande kimekwenda, lugha ya mama yake. Akaletwa mkalimani wa Kifaransa kwenye simu, naye akashindwa.

Nesi Jerotich, dada yetu kutoka Eldoret, ndiye aliyemhudumia. Anasimulia: "Alikuwa anasema neno moja tu, halafu anaangalia mlango na kungoja. Divina. Nikamwambia, pole Mzee, sijakupata. Anafunga macho, analia. Kesho yake saa kumi, tena."

Kasoki akamweleza binti yake. Divine, sasa miaka kumi na mitano, aligoma kwenda siku mbili. Alimwambia mama yake anaogopa. Alidhani babu amekasirika naye.

Siku ya tatu alikuja moja kwa moja kutoka shule, na sare yake. Jerotich alikuwa akibadilisha shuka. Mzee akageuza kichwa. Mdomo umepinda upande mmoja, sauti ndogo.

"Divina."

Divine akashusha begi. Akasimama wima, mikono ubavuni, katikati ya wodi, watu wakitazama.

"Adsum," akasema. "Adsum, Koko."

Jerotich anasema mzee alitulia mwili mzima. Akasema neno la pili, ambalo hakuwa amelisema tangu aingie hospitali. "Sede." Divine akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akaanza kumsomea kitabu chote kwa kichwa, kuanzia ukurasa wa kwanza. Hakuwa amesahau hata mstari. Mzee akafa kesho yake asubuhi. Walikuwa wamefika ukurasa wa thelathini na moja.

Kasoki, dada yetu, pole. Divine, mwanangu, pole sana. Redio hii yote inalia nanyi. Mazishi ni Jumamosi, na tuliomba misa ianze saa kumi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, msisaini msichosomewa. Mkimaliza kunisikiliza, mtazameni mzee aliye nyumbani mwenu, yule anayetoka ghalani amechoka. Muulizeni alikuwa anajua nini kabla ya kufika huku. Na akiwaita kwa jina, msimjibu mkiwa chumbani. Simameni, mwambieni mpo.