Mwalimu Oyoo na Wimbo wa Kupalilia Usioisha

Mwalimu Tobias Oyoo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugonga piano katika shule yetu ya muziki hapa Westlands. Piano bado imesimama. Tumshukuru Mungu.

Mimi ndiye mpika chai. Shule sikwenda, Debra wa ofisini anaandika ninavyosema, na nimemkataza kurekebisha.

Kazi ya Mwalimu inajulikana. Amefundisha watoto wasiokata kucha, na wazazi wao wakaamini wana vipaji. Amecheza kwenye majumba makubwa ya mjini, muziki mrefu mpaka watu wanapiga makofi kabla haujaisha, kwa matumaini tu. Chai yangu ya saa nne anainywa saa saba, halafu anauliza mbona imepoa.

Halafu kuna utafiti. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja kwangu Kinoo na kinasa sauti, anatafuta nyimbo za kupalilia mahindi. Tulikuwa wanawake saba. Tukaimba, akaandika vile vidoti vyake, akasema kitabu kitatoka Krismasi. Hakusema ya mwaka gani.

Mwaka uliofuata akarudi kuhakikisha. Tukaimba tena. Akatazama karatasi, akaniambia kwa upole eti Shosho, yaani bibi, hapo umekosea. Mimi! Wimbo wa mama yangu mzazi, nimeuimba na jembe mkononi na mtoto mgongoni! Nikamwambia karatasi yake haijawahi kupalilia. Hilo pia akaliandika.

Basi kila mwaka anarudi, kila mwaka tunaimba tofauti kidogo, kila mwaka anafuta anaanza upya. Shamba lenyewe sasa ni ghorofa tano. Wale saba tumebaki wawili, mimi na Njoki wa Uthiru, ambaye meno yake yameondoka na nusu ya maneno. Mazishi ya wale watano Mwalimu alikuja yote, akalia kuliko wafiwa. Wajukuu wetu hawaujui wimbo huo. Mwalimu, Mjaluo wa Siaya, ndiye anaujua, tena wote. Hata matamshi ya Kikuyu amejitahidi, maskini.

Mwalimu, asante. Sasa huna wanafunzi, huna kisingizio. Jumatatu saa nne uje Kinoo. Tutauimba mara moja, na vyovyote utakavyotoka, huo ndio wimbo, uuandike ufunge kitabu. Chai utainywa ikiwa moto.

Tunakuombea maisha marefu. Na wewe utuombee sisi wawili, angalau mpaka Jumatatu.

Shosho Veronicah, jikoni