Simiti wa Mutomo: Miaka Ishirini na Sita Ulingoni, Kumi na Minane ya Kushukiwa

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993, Bwana Ndeti Musembi, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Simiti, atavua viatu vyake vya ulingo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia Kundi la Mieleka la Ndululu kwa miaka ishirini na sita na miezi tisa. Hakuna mchezaji mwingine wa kundi hili aliyefikisha hata miaka kumi na mitano.

Mimi Salim Shee, refa wake karibu muda huo wote, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Kalondu, msimamizi wetu, aliniambia niandike mambo ya kuchangamsha. Yapo, na mtayasoma. Lakini yeyote aliyesafiri na Simiti anajua kwamba tangu mwaka wa 1975 mtu huyu alishukiwa na watu wa kila aina: wachezaji, wazee wa kanisa, wateja, hata wauza maembe. Aliyemshuku kuliko wote nilikuwa mimi. Wasifu usiosema hivyo ungekuwa wa mtu mwingine.

Bwana Ndeti alizaliwa Mutomo mwaka wa 1944. Mwanzoni mwa 1967 alikuwa kuli Mtito Andei, akishusha mifuko ya simiti kutoka kwenye mabehewa ya reli. Marehemu Mzee Ndululu, mwenye duka mjini Kitui, alikuwa ameona mieleka ya kulipwa Nairobi na kurudi nyumbani na wazo la kuanzisha kundi lake. Siku moja akasimama Mtito Andei kunywa chai, akamwona kijana amebana mfuko mmoja kila kwapa huku akipanda ubao wa lori kana kwamba anapanda kitanda. Alimwuliza kama anajua kuanguka. Ndeti alijibu kwamba hajawahi kuanguka, kwa hivyo hajui. Mzee alimwajiri papo hapo, halafu akatumia miezi mitatu kumfundisha kuanguka.

Mashabiki huuliza kama mieleka yetu ni ya kweli au ya kupangwa. Katika kila soko kuna mzee anayekaa mbele, amekunja mikono, akitafuta mahali tunapodanganya. Siri ya kazi sitaitoa hapa. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyomo humu: anayerushwa yumo mikononi mwa anayemrusha, na anayeruka anategemea kwamba aliye mbele yake anamwona.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Madereva wa malori wa Mtito Andei hawakuamini nguvu zake mpaka aliponyanyua gurudumu la akiba na kuuliza liwekwe wapi. Kibwezi, mwaka wa 1970, askari aliyekuwa likizo alipanda ulingoni katikati ya pambano akataka kumkamata kwa kosa la kumdhuru Nzuki, mchezaji mwenzake. Ilibidi Nzuki mwenyewe ainuke kutoka alikolala "amezirai" amweleze kwamba hajambo. Askari alishuka akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyopanda.

Huyo Nzuki mumtie akilini. Alikuwa mwenyeji wa Kasikeu, mwembamba, mwepesi, na mashabiki walimwita Nyuki kwa vile alivyoruka kutoka kwenye kamba. Simiti alikuwa mzito na Nyuki alikuwa hewa, na kwa miaka kumi watu walilipa kuwatazama hao wawili. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja ya muthokoi, na Nzuki ndiye aliyesimama na Ndeti siku alipomwoa Bi Syokau.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa 1975. Ndeti alianza kuchagua kona. Akipewa kona asiyoitaka, alikataa kucheza. Kabla ya pambano alipanda peke yake akazunguka ulingo polepole, kiganja kikipita juu ya kamba, midomo ikicheza. Hakutaka mtu apite kushotoni kwake. Na kila tulipofika Mutomo alipotea asubuhi nzima, akirudi asiseme alikokuwa. Wachezaji wakaanza kunong'ona neno la Kikamba ambalo hakuna anayependa kulisema kwa sauti: uoi, yaani uchawi.

Neno hilo lilifika kanisani kwake. Wazee wa kanisa walikuwa hawajawahi kufurahia muumini anayelipwa kwa kuvua shati mbele ya watu, na sasa wakataka mfuko wake ufunguliwe. Walikuta taulo, Agano Jipya la Kikamba, na chupa ndogo ya dawa isiyo na karatasi ya jina. Mzee mmoja aliinusa, akasema hiyo si dawa ya binadamu. Ndeti alisema ni ya mafua. Walimtenga na Meza ya Bwana mwaka mmoja na nusu, naye akawa anakaa benchi la nyuma kila Jumapili aliyokuwa nyumbani, bila kulalamika. Kutolalamika huko ndiko kulikonitia shaka mimi. Mtu asiye na kosa hugomba.

Sasa nafika Agosti 1978, Kasikeu, siku ya soko. Wiki mbili kabla, Mzee Ndululu alikuwa ametangaza kwamba nahodha wa kundi atakuwa Simiti au Nyuki. Nzuki alikuwa anacheza kwao. Mama yake, Bi Syombua, ambaye miaka yote alikuwa amekataa kuja kutazama, alikubali siku hiyo, akapewa kiti cha mbele. Katika dakika ya mwisho Nzuki alikimbilia kamba, zikamrusha, akapaa akielekea bega la kushoto la Simiti. Walikuwa wamefanya hivyo mara mia. Simiti alipaswa kugeuka na kumdaka kifuani.

Hakugeuka. Alisimama kama nguzo, Nzuki akampita kwa upana wa mkono, akaangukia ukingo wa jukwaa. Mtulinga ulivunjika na bega likatoka mahali pake. Mkono wa kulia wa Nzuki haujapanda juu ya kifua tangu siku hiyo.

Watu wa Kasikeu walitaka kumpiga Simiti mawe, na sikuwalaumu. Jumatatu yake kikao kilikaa ghalani kwa Mzee Ndululu mjini Kitui. Nzuki alikuja amefungwa bendeji hadi shingoni, akakataa kukaa. Alimwuliza Ndeti swali moja tu.

"Uliniona nikija?"

Ndeti akajibu, "Nilikuona. Nilichelewa."

Kila mtu ghalani alisikia. Mtu aliyekuona ukija, na mwenye nguvu za kudaka gunia la mahindi hewani, hachelewi. Nzuki alitoka asiage, akarudi Kasikeu kulima. Unahodha ulimwangukia Ndeti, akaukataa, na kukataa huko pia tukakutafsiri vibaya: tulisema dhamiri inamsuta.

Niliendelea kumshuku miaka miwili mizima. Niliamini anauza matokeo yetu kwa kundi jingine, na kwamba safari zake za Mutomo ndizo za kupeana habari. Juni 1980 niliamua kumfuata. Nilidhani ataingia dukani au hotelini. Aliingia hospitali ya misheni, akakaa foleni na akina mama na watoto. Mimi nilisimama barazani karibu na mlango. Alipoitwa, mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Nilimwona muuguzi akimfunika jicho la kulia kwa kadi, akamwuliza anaona vidole vingapi.

Ndeti alisema, "Sista, hata mkono wenyewe siuoni."

Alipotoka, sikupata nafasi ya kujificha. Nilikuwa hatua mbili kushoto kwake, katika kanzu nyeupe, jua likiniwakia. Alinipita kama mtu anavyopita mti. Nilimfuata mpaka getini ndipo nikamwita.

"Bwana Ndeti, umenipita."

Alisimama. Hakuuliza nafanya nini pale. Aliuliza, "Upande gani?"

Nikamwambia, kushoto. Akakaa chini kwenye jiwe, mtu mzima wa kilo mia moja na kumi, akafunika uso kwa viganja.

Aliniambia yote. Mwaka wa 1975, Mtito Andei, alianguka vibaya akagonga kichwa kwenye chuma cha kona. Wiki iliyofuata pazia jeusi lilianza kushuka kwenye jicho la kushoto, na katika siku chache likashuka lote. Kwa nje jicho lilibaki zima, zuri, ndiyo maana hakuna aliyejua. Daktari alimwambia aache mieleka, la sivyo na la pili litamfuata. Lakini Mzee Ndululu alikuwa amemfukuza mchezaji mmoja papo hapo kwa sababu ya sikio bovu, na Ndeti hakuwa na kazi nyingine aliyoijua ila kubeba mizigo. Basi akaanza kuchagua kona, akaanza kuupima ulingo kwa kiganja huku akihesabu hatua. Dawa ya "mafua" ilikuwa ya matone ya jicho. Na siku ya Kasikeu alisikia tu upepo wa Nzuki ukipita.

Nikamwuliza kwa nini basi alisema alimwona. Akanijibu kwamba angesema hakumwona, swali la pili lingekuwa kwa nini. Alichagua kuitwa mbaya ili asiitwe kipofu. Akasema tangu siku ile hajalala vizuri.

Wajibu wangu ulikuwa kumwambia Mzee Ndululu jioni hiyohiyo. Sikumwambia. Naandika hili nikijua Mzee ni marehemu na hawezi kunijibu. Tuliwekeana sharti: hakuna mchezaji atakayemrukia kutoka kushoto tena, nami nitasimama upande huo kila pambano na kugonga ubao kwa mguu mtu akimkaribia. Tulifanya hivyo miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyeumia tena mikononi mwake, hata mara moja.

Shaka haikuisha, ilihamia kwangu. Watu waliona refa amegandamana na mchezaji mmoja, wakasema Salim anakula na Simiti. Mjini Mwingi nilirushiwa machungwa. Mzee Ndululu aliniita mara mbili kunihoji, na mara zote mbili nilimdanganya nikimtazama usoni. Hapo nikaanza kuelewa mwenzangu amebeba nini.

Katika miaka hiyo Bwana Ndeti alifundisha vijana kumi na wanne kuanguka. Wanasema hajui kukaripia. Akiona umekosea, anaanguka yeye mwenyewe mbele yako mpaka uelewe. Jukwaa lilipovunjika Sultan Hamud mwaka wa 1987, aliushikilia ubao mgongoni hadi mtu wa mwisho akatoka chini yake. Kanisani walimrudisha mezani, na leo yeye ndiye anayepanga viti vya harusi.

Nilipopewa kazi hii mwezi uliopita, nilimwomba ruhusa niandike habari za jicho. Alikubali, ila akasema asiyefaa kuisoma kijitabuni ni Nzuki. Nzuki aambiwe uso kwa uso. Tulimweleza Kalondu kwanza. Alikasirika kwa niaba ya marehemu baba yake, Mzee Ndululu, wiki nzima hakusema nasi, kisha akatuazima gari la kwenda Kasikeu.

Tulimkuta Nzuki akipalilia mbaazi, jembe mkono wa kushoto. Hakutukaribisha. Ndeti alieleza akiwa amesimama, kofia mkononi, tangu Mtito Andei hadi ghalani Kitui, akaomba msamaha. Nzuki alisikiliza akitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepewa ng'ombe bila kuambiwa bei. Akatuuliza tunataka nini. Akasema labda Simiti anastaafu na anataka kuosha jina, na Salim amemtungia hadithi, maana Salim huyu husimama upande wake kila mara.

Kisha akamwambia Ndeti, "Funika hilo unaloita zima. Uje hapa nilipo."

Ndeti alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akaanza kuja. Nzuki, bila kutoa sauti, akasogea pembeni. Ndeti akampita. Akaendelea moja kwa moja kati ya mistari ya mbaazi, kuelekea ukingo wa tuta, ambako shamba linashuka kama kimo cha mtu kwenye mawe. Nilifungua mdomo nimwonye. Nzuki aliinua kidole, nikanyamaza. Ndeti hakupunguza mwendo wala hakuondoa kiganja. Nadhani alijua kwamba ameshampita mtu, na akaamua kwenda tu.

Mguu mmoja ulikuwa umeshafika ukingoni Nzuki alipomrukia na kumshika shati kwa nyuma, kwa mkono ule mmoja mzima. Walianguka wote wawili kwenye mbaazi. Walikaa hapo muda mrefu wakihema, wanaume wenye karibu miaka hamsini, udongo vichwani. Nzuki ndiye aliyesema.

"Afadhali ungekuwa umenichukia. Chuki nilikuwa nimeizoea."

Hakusema amesamehe, nami sitamwandikia ambayo hakusema. Alisema kwenye sherehe yetu haji. Lakini nilipomwuliza kama naweza kuichapisha habari hii, aliitikia kwa kichwa. "Andika," aliniambia. "Andika kwamba hakuniona. Mama yangu bado yuko hai, nitamsomea."

Bi Syombua, hakumwona mwanao.

Bwana Ndeti, kwa niaba ya Kalondu, wachezaji wote, na hawa kumi na wanne uliowafundisha kuanguka, asante kwa miaka yako. Daktari anasema jicho la kulia bado ni imara, lipumzishe. Nenda ukawe na Bi Syokau na mbuzi wako Mutomo, ukae siku nyingi zenye baraka, na yeyote akitaka kukuuliza lolote kutuhusu, mjibu ukweli.

Salim Shee, Refa