Ndugu Lupakisyo na Picha ya Tatu

Ndugu Lupakisyo Mwambene, mpiga picha za eksirei wa hospitali yetu hapa Kilosa, anastaafu tarehe 30 Juni 1977 baada ya miaka thelathini ya kazi. Katika miaka hiyo yote alikosekana kazini siku kumi na moja tu, na tisa kati ya hizo zilitokana na kuanguka na baiskeli.

Baba yake alikuwa fundi wa reli aliyehamia hapa kutoka Rungwe. Lupakisyo mwenyewe aliajiriwa mwaka 1947 kama mfagiaji, akapelekwa kozi mwaka 1954, na baada ya Uhuru akakabidhiwa funguo za chumba cha picha. Hajawahi kuzipoteza.

Wagonjwa wake wa mwanzo walidhani wamekuja studio. Bibi Mwanakheri wa Magomeni ya hapa mjini, wakati huo mchumba wa mtu, alikuja kupigwa picha ya kifua akiwa na wanja na kanga mpya, akaomba nakala moja ampelekee mchumba wake. "Dada yangu," Lupakisyo akamjibu, "akiiona hii atakuoa kwa huruma."

Lakini kazi inayotufanya tumtazame kwa mshangao hadi leo ni ya Februari 1972. Verdiana, mkulima wa Malolo, alikuja na uvimbe mgumu kichwani uliokuwa ukikua kwa miaka sita bila maumivu. Kijijini kwao maji yalikuwa mbali, na kila mtu alisema ni ndoo anazojitwisha. Lupakisyo naye alikwisha kusema hivyo: mwaka 1968 Verdiana alipokuja kwa kikohozi, alimshauri apunguze mizigo. Kosa hilo ametaka mwenyewe liandikwe humu.

Safari hii hakuridhika. Aliagiza ndoo ya maji iletwe chumba cha picha, akamwomba Verdiana aweke ngata na kujitwisha kama anavyofanya siku zote. Daktari Cornel, mganga wetu mkuu, akachungulia mlangoni. "Ndugu Lupakisyo, hiki bado ni chumba cha picha au kimekuwa kisima?"  Lupakisyo alichora kwa chaki pale ngata ilipokaa, akaitua ndoo, akapima. Uvimbe ulikuwa vidole vinne mbele ya ngata, upande wa kushoto. Mzigo haukuwahi kugusa pale.

Akapiga picha ya mbele, akapiga ya ubavuni. Hazikueleza mengi. Ndipo akapiga ya tatu, ambayo hakuna aliyemwagiza: alikiinamisha kichwa cha Verdiana kidogo kidogo mpaka mwale wa eksirei upite ukiparaza ukingo wa uvimbe. Filamu ilipotoka kwenye dawa, mfupa wa fuvu ulionekana umenenepa mara tatu, nje na ndani, kuelekea ubongo. Daktari Cornel aliishika juu ya taa kwa muda mrefu, kisha akaketi kuandika barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam.

Mume wa Verdiana, Filipo, alikataa. Kichwa kikifunguliwa, aliuliza, nani atakifunga?

"Hakitafungwa chote," Lupakisyo alimwambia. "Mfupa mbaya utaondolewa."

"Kwa hiyo mzee, nirudi Malolo na mke mwenye tundu?"

"Na tundu, ndiyo. Na akiwa hai."

Akatundika filamu mbili mbele ya taa. Moja ilikuwa ya kichwa chake mwenyewe, iliyopigwa alipoanguka na baiskeli. "Hiki changu. Hiki cha mkeo." Filipo alitazama kimoja, akatazama cha pili. Hatimaye akauliza treni inaondoka saa ngapi.

Upasuaji ulichukua saa tano. Ripoti iliyorudi ilieleza kwamba uvimbe uliota ndani ya mfupa, nje ya utando mgumu unaofunika ubongo, na utando wenyewe ulikutwa mzima. Maabara iliutaja kuwa meninjioma. Kwa kawaida uvimbe huo huanzia kwenye utando, chini ya fuvu; unaoota nje yake ni nadra sana. Daktari aliyempasua aliandika kwamba katika kazi yake yote alikuwa ameuona mara mbili tu.

Verdiana alikatazwa kujitwisha chochote. Tangu hapo Filipo huteka maji kwa baiskeli, madebe mawili nyuma, na wenzake wakimtania kwa kumwita Mama Verdiana huwauliza kama wanataka kumsaidia kusukuma.

Uvimbe wa namna hiyo huweza kurudi, hata baada ya miaka. Kwa hiyo kila Juni Verdiana husafiri kutoka Malolo kuja kupigwa picha tatu zile zile. Wiki mbili zilizopita alikuja tena. Lupakisyo aliitazama filamu ikiwa bado inadondoka maji, akasema, "Ukingo safi."

"Shukrani, mzee. Mwakani nije lini?"

"Juni, kama kawaida. Utamkuta Anastazia, anayeshika nafasi yangu. Faili lako lote ameshalisoma."

Ndugu Lupakisyo anahamia Mikumi, kwenye shamba lake la mahindi. Sisi wafanyakazi wenzake tunamshukuru kwa miaka thelathini ya kutazama mara moja zaidi. Tunamwombea afya, mvua za kutosha na siku nyingi za kupumzika.