Spana Kwenye Maduara Mawili

Pembeni mwa gereji, pale ukuta unapotoa kivuli asubuhi, pana benchi la mbao za makreti. Anayelikalia sharti ajue kuinuka kwa adabu, la sivyo mwenzake wa upande wa pili atapinduka. Hapo ndipo Spana, fundi wa magari, hunywa kahawa yake kabla mikono haijaingia grisi. Siku hiyo alimkuta Redio, kinyozi asiyezimika, akimtazama Mwalimu Chaki wa hesabu aliyechuchumaa, anachora sakafuni maduara mawili yanayopishana.

— Darasa zima limefeli! Chaki alifoka. Kitu chepesi hivi! Seti ni mkusanyo wa vitu vinavyojulikana wazi. Kitu kimo, au hakimo. Basi.

— Kama wateja wangu, Redio akadakia. Wenye ndevu duara hili, wenye upara duara lile.

— Na mwenye vyote viwili? Chaki akauliza.

— Huyo chini namnyoa, juu nampiga msasa!

— Huyo anakaa hapa katikati, kwenye makutano. Na ukiwachukua wote, wa huku na wa kule, huo ni muungano. Ila wa katikati unamhesabu mara moja tu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mbio za sakafuni huishia ukingoni! Redio akaonyesha ukingo wa duara kwa kidole cha mguu.

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alikuwa na nyumba mbili: kwa bi mkubwa, ng'ambo ya reli, na kwa bi mdogo, nyuma tu ya gereji. Somo hili aliliona limeshonwa kwa vipimo vyake.

— Basi makutano ni mimi! Nusu yangu kwa bi mkubwa, nusu kwa bi mdogo.

— Hakuna nusu, Spana. Aliye kwenye makutano yumo mzima huku, na mzima kule.

— Njia mbili zilimshinda fisi, Redio akasema, kwa sababu hakusoma seti! Angesimama katikati, nyama ingemfuata yenyewe. Mimi ningechora duara moja kubwa, dunia nzima ndani, vita kwisha!

— Na duara lisilo na mtu? Spana akauliza.

— Seti tupu. Nayo ni seti.

— Kinyozi siku ya mvua, Redio akaguna. Duka lipo, vichwa hamna.

Kicheko kilikatika. Binti wa bi mkubwa alikuwa amesimama mbele yao, sare ya shule mwilini, mkoba kifuani.

— Shikamooni. Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama. Kwema?

— Kwema. Mama kanituma. Anauliza, usiku tuendelee kukuwekea sahani, au tuache?

Chaki akaangalia viatu vyake. Spana alitaka kusema "wekeni", lakini neno hilo lingedai ataje siku ya kwenda, na siku hakuwa nayo. Tangu masika hajavuka reli. Alitaka kusema "acheni", ulimi ukagoma.

— Mwambie mama nitapita.

— Hajauliza hilo, baba.

Muuza kahawa akapita na birika lake, hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Haya, binti akasema. Nitamwambia.

— Utamwambia nini?

— Kwamba nilikuuliza.

Akaupandisha mkoba begani, akavuka barabara bila kukimbia.