Posa au Poza

Ndani ya basi, fundi redio alimsimulia mama aliyeketi naye, ambaye hakuwa ameuliza, habari za mwanamke anayempenda. "Alileta redio akasema imekufa. Ilikuwa nzima, mama. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakizima." Walipendana, mwanamke akazoea kumsoma midomo. Jana fundi alimwambia, "Nataka kukuposa." Mwanamke akasoma "kukupoza," akajibu kwamba yeye si mgonjwa wa kupozwa, akafunga mlango.

"Mwanangu, posa na poza mdomoni ni mapacha! Si ungemwandikia?"

"Nilishika kalamu, mama. Nikajiuliza, je, kama alinisoma sawasawa?"

"Huruma nayo ni mapenzi, wewe!"

"Kamwambie yeye hivyo."

Basi lilisimama kwenye kituo cha kwao mwanamke. Mama akasogeza magoti ampishe, lakini fundi hakuinuka.