Salfa ya Alfajiri

Yuster alihamia Kitangari ili binti yake, aliyepasuliwa kifua mwezi uliopita, apate hewa safi. Sasa, ndani ya Kosta iliyotoka Masasi, alikuwa anamfokea mzee asiyemjua aliyekaa naye.

"Kila alfajiri jirani anapuliza dawa ya unga ya salfa kwenye mikorosho, mwanangu anakohoa kashika mshono. Kwa nini asipulize mchana?"

"Mama, salfa inashika kwa umande. Mchana inapeperuka, ugonjwa wa ubwiri unamaliza maua."

"Kwa hiyo ua la korosho lina maana kuliko kifua cha mtoto?"

"Hilo ua ndilo linalowasomesha wangu."

Gari likasimama Kitangari. Mzee akamwomba ainue miguu, akavuta mfuko ambao Yuster aliukanyaga njia nzima. Ulikuwa wa salfa.

"Ile shikamoo niliyokupa Masasi," alisema Yuster, "nirudishie."