Bega la Kushoto la Mama Kipimo

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, Mama Kipimo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama wima kwa ajili yetu. Neno wima limetumika hapa kwa heshima ya kazi; ukweli wake utafuata.

Aliajiriwa kushona vifungo. Wiki ya kwanza tu, mkataji mkuu alimtazama akatangaza kuwa ule ndio mwili wa saizi ya kati aliokuwa akiutafuta. Tangu hapo kila sampuli ya sare katika karakana hii, ya muuguzi au ya mlinzi, ilivaliwa kwanza na Mama Kipimo, juu ya kijukwaa cha mbao, huku akibanwa pini. Kola ikikaba alisema. Siku za joto alisinzia hapohapo amesimama, na mkataji mkuu akaendelea na pini zake kama vile ndani ya gauni hamna mtu.

Miaka sita iliyopita saratani ilimpata, akaondolewa titi la kushoto. Aliporudi kazini, bega la upande ule lilikuwa limepanda na kuja mbele, kama la mtu aliyeficha kitu kwapani, na kiwiliwili kimelalia kulia. Akigeuka ghafla, alipepesuka.

Hapo karakana nzima ikaugua ugonjwa wa adabu. Mkataji mkuu, ambaye hugomba kwa upana wa uzi, alipoteza sauti. Mpiga pasi alidai sakafu ndiyo yenye mteremko, seremala akaitwa, akainua kijukwaa upande mmoja. Kisha tukapima, tukakata, tukashona, na hospitali ikapokea shehena ya magauni yenye bega moja juu. Matroni alipiga simu akauliza, kwa upole mno, kama huo ni mtindo mpya.

Meneja aliamua linunuliwe sanamu la plastiki, na Mama Kipimo arudi kwenye vifungo, eti apumzike. Yeye hakuomba kupumzika. Alichukua gauni moja lililorudishwa, akalivaa, likamkaa sawasawa. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalia, nasi sote tukainama kutafuta pini ambazo hazikuanguka. Alipoinuka alimwambia mkataji mkuu: "Kaka, umenitazama miaka yote hii, leo unaogopa nini? Hebu nipime."

Akampima, kushoto na kulia, akitaja kila kipimo kwa sauti. Mama Kipimo alivipeleka vipimo hivyo kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akarudi na kazi ya nyumbani. Asubuhi alipandisha mkono ukutani kwenye chumba cha pasi. Wakati wa chai alisimama kwa mguu mmoja, na aliyemcheka alilazimishwa kujaribu. Mdogo wake alimshonea titi la kitambaa lenye uzito wa kutosha, ambalo huvaliwa likitakiwa na kulala kwenye droo jua likichoma. Kupepesuka kuliisha. Bega lilishuka, ingawa si lote, na kijukwaani alirudi.

Zamani tulikunja katikati karatasi ya kukatia nguo na kuchora nusu ya mtu, tukiamini nusu ya pili itafuata yenyewe. Siku hizi tunachora pande zote mbili. Meneja alipopimwa hivyo, ilibainika ndiye aliyepinda kuliko sote, na hana hata kovu la kusingizia. Sanamu lipo stoo, limenyooka sana, na halijawahi kutuambia kola inakaba.

Dada yetu, asante. Mwaka ule wa upasuaji, kamati ya ustawi ilishamteua kimyakimya mtu wa kusoma rambirambi kwenye msiba wako. Ni mimi. Leo nasoma haya, nawe umesimama kando yangu ukininong'oneza nilipokosea. Sijapata kufurahia kukosolewa kiasi hiki. Uishi vyema, uishi sana, na uegemee upande wowote uutakao.